Bei ya Mpira na Ng'ombe wa Mlali

Jamaa zangu mnaouza na mnaonunua, nanyi mnaofuga, nipeni masikio yenu. Nawasimulieni habari za nyumba ya Swedi, mfanyabiashara wa hapa Dodoma, jinsi ilivyokuwa na neema na jinsi neema hiyo ilivyotoka mlangoni mchana kweupe, mwenye nyumba akiwa macho na akidhani anailinda.

Ilikuwa zamani za Wadachi, yaani Wajerumani. Reli ilikuwa imeshafika mjini, na gari moshi lilikuwa limezoeleka hata mbuzi hawakulikimbia tena. Asubuhi moja Swedi alikuwa ameketi barazani kwake, kikombe cha kahawa mkononi, akimtazama mkewe Waridi akipepeta mtama. Binti yao mdogo, Mwanne, alikuwa akicheza na maganda ya karanga miguuni pa mama yake. Nyuma ya nyumba lilisimama ghala la bati, limejaa madonge ya mpira mpaka mlango ulifungwa kwa kusukumwa na bega. Harufu yake kali ilifika hadi barazani, na Swedi aliivuta puani kana kwamba ni udi.

Hapo awali Swedi hakuuza mpira peke yake. Baba yake, aliyekuja na misafara kutoka pwani, akaoa na kufanya makao hapa, alimwachia biashara ya vitu vingi: ngozi, samli, nta na karanga. Kimoja kikilala, kingine kiliamka. Lakini Ulaya kulikuwa na magari yanayokwenda kwa magurudumu ya mpira, na kila aliyeshuka kwenye gari moshi alisema bei inapanda. Ikapanda kweli, na Swedi akaingiwa na tamaa. Waliomletea samli aliwaambia wapeleke kwingine. Fedha yake yote aliitia kwenye mpira, tena hakuuza, aliurundika ghalani akingoja bei ipande zaidi.

Aliyemletea mpira huo alikuwa Matonya, Mgogo wa Mkonze. Hawa wawili walikuwa ndugu, ingawa hawakuchangia tumbo. Baba zao walichanjiana. Kila mmoja alikula kipande cha ini chenye damu ya mwenzake, wakaapa kwamba watoto wao hawatatupana. Matonya aliununua mpira kwa watu waliougema kwenye milima ya Mlali, akaupakia kwenye punda na kuuleta mjini. Zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyewatunza ng'ombe wa Swedi, wale aliorithi kwa baba yake.

Hapo niwaeleze kitu, hasa nyinyi wa mjini. Mgogo hawaweki ng'ombe wote katika zizi moja. Hawa wako kwa shemeji, wale kwa rafiki, wengine mwendo wa siku nzima na zaidi. Anayewatunza hunywa maziwa, mwenye mali hubaki na ng'ombe wake na ndama wao. Ukame ukipiga huku, kule kuna majani. Ndivyo Matonya alivyowatawanya ng'ombe wa Swedi, kama alivyowatawanya wake mwenyewe. Na Swedi alijua vizuri kwamba mwaka wa njaa ukija, mwaka ambao huku kwetu haukosi kuja, ng'ombe hao ndio watakaobadilishwa kwa nafaka ili Mwanne aishi. Wao ndio waliokuwa ukuta wa mwisho wa nyumba yake.

"Mbukwa!" Matonya alisalimu kwa salamu ya kwao alipofika barazani asubuhi hiyo, akiwafungua punda.

"Mbukwa, ndugu yangu. Karibu kahawa."

Waridi, aliyependa utani, alimtazama juu hadi chini. "Shemeji, mbona unazidi kunawiri? Au ndio mnamaliza maziwa ya ng'ombe wetu huko, na sisi hata kwato hatuzioni?"

Matonya alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. "Njoo ukamue mwenyewe, shemeji! Wakikupiga teke usinililie."

Wote walicheka. Swedi naye alicheka, lakini cheko lake lilikatika katikati. Ni lini hasa alipowaona ng'ombe wake wote kwa macho yake? Alijaribu kukumbuka akashindwa. Neno la mzaha lilikuwa limeingia mahali ambapo halikukusudiwa, likakaa.

Baadaye wakaenda stesheni na madonge machache, Swedi ajaribu soko. Mnunuzi alikuwa na karani wake, Hassani, kijana mpole aliyesimama kwenye mizani. Alipopima akataja bei. Swedi alidhani amesikia vibaya, akamwomba arudie. Bei haikufika hata nusu ya ile ya zamani.

"Samahani, Mzee Swedi, usinikasirikie mimi," Hassani alisema. "Simu imekuja kutoka Dar es Salaam. Bei imeanguka."

"Nani kaiangusha?"

"Hakuna mtu aliyeiangusha. Waingereza walipanda miti ya mpira huko Asia, mashamba makubwa, mistari kwa mistari. Sasa imekomaa inagemwa. Ulaya mpira umejaa tele. Tena wanasema wa kwao ni safi, wa huku kwetu umechanganywa na mchanga."

Swedi alimkodolea macho. Mti ulioko Asia, ambao hajauona wala hataona kivuli chake, umtie yeye hasara Dodoma? Bei aliyoijua Swedi ilizaliwa kati ya watu wawili waliokaa mkeka mmoja wakitazamana usoni. Ndivyo baba yake alivyofanya biashara na misafara. Ikishuka, basi mmoja kati ya hao wawili kafanya hila, na kazi yako ni kumjua ni yupi. Kwa hiyo katika maneno yote ya Hassani, moyo wake ulichukua neno moja tu, mchanga. Akageuka polepole, akamtazama Matonya.

"Wewe ndiye unayeuleta," alisema.

"Mimi ndiye ninayeuleta," Matonya alijibu, bado hajaelewa.

Waliporudi nyumbani, Swedi alichukua kisu, akaanza kuyapasua madonge uani. Alipasua moja, akatia kidole ndani, akanusa, akalitupa. Akapasua jingine, na jingine. Ndani mlikuwa na mpira mtupu, hamna punje ya mchanga wala kijiwe. Majirani walichungulia juu ya ua. Matonya alisimama kando mikono nyuma, uso umemwiva kwa aibu.

"Umeridhika, ndugu yangu?" aliuliza mwishowe.

Ndugu msikilizaji, mtu mwenye akili timamu angeomba radhi papo hapo. Lakini shuku haishibi kwa kukosa ushahidi. Swedi alifuta kisu akasema, "Nimeridhika kwamba haya si mabaya. Mabaya umewauzia wengine kwa bei ya kutupa, ndiyo maana soko limeharibika."

Matonya alifunga punda wake akaenda zake bila kumalizia kahawa.

Usiku haukumpa Swedi usingizi, na mchana haukumpa kazi. Alipoona watu wawili wamesimama wakinong'ona, alijua wanamsema. Hassani alipompungia mkono kutoka mbali, alijiuliza amelipwa nini. Waridi alivumilia, kisha akaamua kusema.

"Baba Mwanne, uza huo mpira. Uza kwa bei hii hii mbaya kabla haijashuka zaidi. Kinachopatikana, turudie samli na ngozi. Wenye samli bado wapo, nimeonana nao sokoni."

"Niuze kwa hasara ili wao wafurahi?"

"Wao nani?"

"Wanaojificha."

"Nani anajificha, mume wangu? Mbona mimi siwaoni?"

"Ndiyo maana ya kujificha," Swedi alijibu, na akaona jibu lake limetimia kabisa.

Basi mpira ukabaki ghalani. Jua la Dodoma mnalijua, na bati mnalijua. Madonge yalianza kulainika, yakanata, yakashikana yakawa bonge moja jeusi linalotoa machozi na kunuka mtaa mzima. Bei nayo ilizidi kushuka. Lakini Swedi hakuwa tena na macho ya kutazama ghala. Macho yake yote yalikuwa Mkonze, kwenye ng'ombe asiowaona.

Siku moja alikwenda huko bila kutuma habari, akamkuta Matonya akitengeneza ua wa zizi. Hakusubiri kukaribishwa.

"Nataka ng'ombe wangu. Wote, mahali pamoja, karibu na mjini, niwaone kila asubuhi."

Matonya aliweka shoka chini. "Ni wako, sikukatalii. Lakini kwa nini uwakusanye? Baba yangu na baba yako waliponea chupuchupu ile sotoka ya zamani, iliyomaliza mazizi ya nchi nzima. Unajua kwa nini walibakiwa na mbegu? Kwa sababu wachache walikuwa mbali, kwa watu. Ng'ombe hawa wote wametokana na wale. Wakikaa zizi moja, ugonjwa ukiingia umeingia kwa wote."

"Sotoka, sotoka! Kila ninapodai changu naletewa hadithi ya wafu."

"Haya," Matonya alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Nitawaleta."

Akazunguka vijijini kuwakusanya. Haikuwa kazi nyepesi, maana kila zizi alilofika kulikuwa na watoto waliolelewa kwa maziwa hayo, na kina mama walimuuliza wamekosa nini. Swedi alijengewa zizi la miiba kando ya reli, karibu na uwanja ambapo wachuuzi waliwaweka ng'ombe waliotoka sehemu mbalimbali wakingoja gari moshi. Ng'ombe wake walipoingia, aliwapitia mmoja mmoja akiwashika masikio. Baba yake aliwatia alama, ncha mbili zilizokatwa kwenye sikio la kushoto, na kila ndama aliyezaliwa baadaye alitiwa alama hiyo hiyo.

"Yule mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji yuko wapi?" aliuliza. "Uzao wa mtamba wa kwanza wa baba."

"Yuko Mlali kwa dada yangu, Ruthu. Ana mimba kubwa, hawezi mwendo huo. Akizaa na ndama akipata nguvu, nitamleta."

Swedi alitabasamu, tabasamu la mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Ng'ombe aliyeliwa siku zote huwa na mimba, tena huwa mbali."

"Twende wote Mlali, ukamwone kwa macho yako. Kesho asubuhi tuondoke."

"Nikafike huko unionyeshe mwekundu wa mtu mwingine?"

"Ana alama ya baba yako sikioni!"

"Kisu cha kukata sikio kiko kila nyumba."

Mmesikia, jamaa zangu? Mtu akifikia hapo, utamwonyesha nini? Ukimkatalia, umekiri. Ukimpa ushahidi, umeutengeneza mwenyewe. Amejenga nyumba isiyo na mlango, naye yumo ndani.

Waridi alilia usiku kucha akimsihi. Aliapa kwamba lile neno la maziwa lilikuwa utani wake tu, kwamba kama kuna kosa ni la ulimi wake. Swedi akamuuliza kwa nini anamtetea sana Matonya. Waridi alielewa kwa hofu kwamba sasa hata yeye amehesabiwa upande wa pili.

Kulipokucha Swedi alikwenda kwa akida, mwakilishi wa serikali ya Wadachi, kumshtaki ndugu yake kwa wizi wa ng'ombe. Akida alikuwa na haraka zake. Mshtaki alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyevaa kanzu safi, mshtakiwa mfugaji mwenye shuka moja. Matonya aliulizwa ng'ombe yuko wapi, akasema Mlali. Aliulizwa kama anaweza kumtoa siku hiyo hiyo, akasema hapana. Kesi ikaisha. Alilazwa kifudifudi uwanjani, akapigwa kiboko, ile hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, iliyojulikana nchi nzima. Hakulia. Ila kila kiboko kiliposhuka alimtazama Swedi, na Swedi akajikuta anatazama chini kwenye viatu vyake. Moyoni alijiambia kwamba mwizi mzoefu ndivyo alivyo, halii.

Haukupita muda mrefu, wachuuzi wakaleta ng'ombe wa kusafirishwa, wamekonda na macho yanachuruzika. Walifungwa uwanjani jirani na zizi la Swedi, pua kwa pua na ng'ombe wake. Asubuhi moja alikwenda kuwaangalia kama kawaida yake, akakuta wawili hawali. Kesho yake wengi walikuwa wakihara na kutokwa na ute mdomoni. Wazee waliopita walisimama kwenye ua wa miiba, wakatikisa vichwa na kutamka jina moja kwa sauti ya chini: sotoka.

Swedi alikimbia huku na huko. Alitafuta dawa, alitafuta mtu wa kuwapokea wale waliobaki wazima, lakini nani angepokea ng'ombe waliotoka katika zizi hilo? Hata hapo alitafuta mkono wa mtu. Alimfikiria Matonya, akadhani amemtupia uchawi. Kisha akakumbuka nani aliyemsihi wasikusanywe, na nani aliyelazimisha, na kwa mara ya kwanza mawazo yake yakakosa pa kukimbilia. Ng'ombe walikufa mpaka wa mwisho. Aliwatazama wote, kila asubuhi, kama alivyotaka.

Mvua za mwaka huo zilikuwa haba. Mtama ulikauka ukiwa haujafika kiunoni. Bonge la mpira lilimegwa kwa shoka likauzwa kwa fedha ya chumvi, na ghala likang'olewa bati nalo likauzwa. Swedi akawa anabeba mizigo ya watu stesheni. Mwanne alikonda, akawa kimya, na mtoto akiwa kimya namna ile mzazi hujua kifo hakiko mbali. Waridi alikuwa akichemsha maji na mboga za porini akimwambia mtoto kwamba chakula kinaiva. Swedi aliposikia uongo huo alitoka nje asisikie tena.

Ndipo alipomwona mtu akija na njia ya mashariki, anatembea polepole, ameshika kamba. Nyuma yake alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, na nyuma ya ng'ombe, ndama. Sotoka ilikuwa imekwisha pita; huko Mlali, milimani, haikufika.

Matonya alisimama mbele ya baraza. Hakusema mbukwa. Swedi aliteremka, akamshika ng'ombe sikio la kushoto. Ncha zilikuwepo mbili, na kovu lake lilikuwa la zamani, limeota manyoya pembeni, kovu la miaka. Akaanguka chini akaishika miguu ya Matonya.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nilipofuka. Nipige, nitukane, lakini nisamehe."

"Inuka," Matonya alisema. "Mimi si akida."

Akampa kamba mkononi. "Dada yangu Ruthu ana mtoto wa kunyonya, na maziwa yake mwenyewe yamekauka. Mtoto wake alikuwa akiishi kwa ng'ombe huyu. Alipenda abaki naye. Nilimwambia hapana, mwenye mali ameshanidai mbele ya serikali. Baba yangu aliapa kwamba hatutawatupa, na kiapo chake nimekitimiza leo. Sasa kwangu hakuna tena chako. Na kwako hakuna changu."

Waridi alitoka mbio na kata ya maji. "Shemeji, kunywa angalau maji. Umetoka mbali."

"Ahsante, Mama Mwanne," Matonya alisema kwa upole. Hakumwita shemeji. Aliigeukia njia ya Mkonze, na shuka lilipopeperuka waliziona alama za kiboko mgongoni.

Mwanne hakufa. Alikunywa maziwa ya ng'ombe yule, akakua, akaolewa. Lakini ndama walipozaliwa na ng'ombe kuanza kuongezeka, Swedi alizunguka Mkonze na vijiji vyake akitafuta mtu wa kumtunzia hata mmoja, na hakuna zizi lililofunguliwa. Walimjibu salamu, wakampa kigoda, wakazungumza habari za mvua. Alipotaja ng'ombe, walirudia habari za mvua.

FUNZO

Wafanyabiashara wenzangu, bei ya mali zetu siku hizi huzaliwa mbali, kwa watu tusiowajua na miti tusiyoiona. Hilo halina tiba ya hasira. Ulizeni habari za soko kwa wengi, na mkiambiwa lililo gumu kuamini, lichunguzeni kabla ya kulikataa. Msiache biashara zenu zote kwa ajili ya moja inayong'aa mwaka huu. Mkipata hasara, ikubalini mapema ingali ndogo.

Na zaidi ya yote, hasara iliyotoka ng'ambo msiitafutie mwizi nyumbani. Mpira wa Swedi uliharibiwa na soko, na hilo lingempata yeyote. Ng'ombe wake aliwaua mwenyewe, na undugu wake aliuchapa viboko mbele ya watu. Mali ikipotea, mtu mwenye ndugu huanza upya. Swedi alikuwa na ng'ombe mkononi na hakuwa na mtu wa kumshikia kamba.